Chakula: Tonge Mbili

Sitaki kusikia tena neno kalori mezani kwangu. Nilisema hivyo Jumapili mbili zilizopita, hapa Ludara, upande wa Koboko, Uganda, mbele ya mgeni, na bakuli la mchuzi nililiweka kwa nguvu hadi nusu ikamwagikia kitambaa. Mjukuu wangu Nesta alishtuka, maana yeye ndiye aliyekuwa analitamka. Nesta ana simu inayohesabu anachokula. Kabla hajanawa mikono anapiga picha sahani, anabonyeza, anakunja uso, kisha anarudisha nusu ya nyama kwenye sufuria. Mume wake naye ameapa kutogusa wanga. Ugali hataki, muhogo hataki, ndizi hataki. Anakula nyama na majani, na ugali wangu anausogeza pembeni kama vile umemtukana. Siku hiyo walikuwa wanabishana ni njia ipi inayopunguza mwili ukapungua kweli na usirudi tena, kuhesabu au kuacha wanga, na wakamwomba mgeni wangu awaamulie. Mgeni huyo alikuwa Roda Ayikoru, muuguzi mstaafu wa Arua. Hajawahi kukanyaga nyumba yangu, maana tuliachana mwaka 1974. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaonana misibani tu, tunasalimiana kwa mbali, kila mtu na shuka lake. Safari hii alituma salamu kwamba anataka kuniona kabla mmoja wetu hajafa, nami nikachinja kuku. Wanasema hasira hasara. Mimi hasara niliipata kwanza, hasira ikaja nyuma yake, kwa hiyo methali hiyo wawaambie wengine.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na tisa na kilo themanini na moja. Kwetu hizo kilo hazikuwa aibu. Nilipopita sokoni wanawake wakubwa walinigusa mkono na kusema mama yako anajua kulisha. Nilichukuliwa Arua kwenye mafunzo ya uuguzi, mahali ambapo sitapataja jina kwa sababu sasa pana watu wengine wasio na kosa, na huko ndiko nilikoambiwa kwamba mimi ni gunia. Tulikuwa wasichana kumi na wanne. Wawili tulikuwa wanene, mimi na Roda, na kwa sababu hiyo tu tukawa marafiki, kama vile wanaonyeshewa na mvua chini ya paa moja wanavyozoeana. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya soko, kwa Mama Anjelina, mwanamke wa Kongo aliyekuwa anauza vitenge. Kitanda kilikuwa kimoja, cha chuma, cha springi zilizolala katikati. Ukilala wawili wanene mnakutana bondeni mtake msitake. Marobota ya vitenge yalipangwa hadi dirishani na yalinuka angara, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, maana Mama Anjelina alisafirisha vyote viwili kwenye lori moja. Ukuta wa kutugawa na jiko lake ulikuwa wa mabanzi. Tulisikia kila neno la wateja wake: nani ameolewa na ofisa, nani ameonekana na kilo ya sukari na ameipata wapi, nani amechukuliwa na wanajeshi akiwa bado na sabuni usoni. Sukari ilikuwa imepotea madukani mwaka huo, chumvi nayo ilikuwa inakuja na kwenda. Nchi nzima ilikuwa inatafuta cha kula, na sisi wawili tulikuwa tunaamriwa tupungue.

Aliyetuamuru alikuwa mkuu wa mafunzo. Tulimwita Sajenti kwa sababu alitoka idara ya tiba ya jeshi na hata nje ya kambi alitembea kwa hatua za gwaride. Hakuwa mtu wa upande wetu. Alitoka mbali, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha vitabuni, kimenyooka kama pasi ya suruali yake. Mwezi wa tatu alitangaza kwamba msichana yeyote ambaye hadi mwisho wa Novemba hajafika kilo sitini na tano hatathibitishwa, atarudi kwao. Wenzetu kumi na wawili walicheka kwa sababu walikuwa wamefika tangu kuzaliwa. Kila Jumamosi asubuhi tulipimwa kwenye baraza la wodi ya wanaume. Alikuwa anasukuma kile kichuma cha mizani polepole, kisha anasoma kwa sauti ya kutoa amri, na wagonjwa waliokaa kwenye mikeka wanarudia namba hiyo. Hadi leo nikisikia watu wanarudia kitu kwa pamoja, hata kanisani, nainuka natoka nje. Nilikuwa natamani uuguzi kwa namna ambayo siwezi kuieleza kwa vijana wa sasa wanaochagua kozi kama wanavyochagua viatu. Nilikuwa nimefunga vidonda vya nusu ya kijiji kwa vitambaa vya kanga kabla hata sijaona bandeji. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naiweza, na njia ya kuifikia ilikuwa inapitia juu ya mizani.

Njia zilikuwa mbili, kama zilivyo mezani kwa Nesta, na hapo ndipo ninapotaka kucheka na kupiga kitu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya Sajenti. Alikuwa na kitabu kidogo chenye jalada la kijani, alichokipata kwenye masomo ya ng'ambo, ambamo kila kitu cha kula kilikuwa na namba yake. Alitupa daftari, mimi na Roda, akatuambia tuandike kila chakula tunachokula, saa na kiasi, naye atajumlisha. Mwili ni hesabu, alisema. Ukiingiza kidogo kuliko unachotumia, unapungua. Hakuna uchawi hapo. Sikatai. Nimeishi miaka mingi, nimeona ni kweli. Njia ya pili ilikuwa ya Mama Anjelina, ambaye alimsikiliza Roda akilia jioni moja, akazunguka ukuta akaingia na mwiko mkononi. Alisema kwao kuna dada yake aliyekuwa mnene hadi mlango unamlalamikia, na alipungua kwa kuacha kitu kimoja tu.

"Acha bugali," alimwambia Roda. "Kula samaki, kula sombe, kula mayai, kula nyama kama iko. Shiba kabisa. Lakini bugali, muhogo, ndizi, bile bintu byote, acha. Mutu ananenepa na bugali, hapana na mboga."

Sombe kwao ni majani ya muhogo. Roda alimfuata Mama Anjelina. Mimi nilimfuata Sajenti, kwa sababu nilikuwa mtoto wa shule na niliamini daftari. Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua asipoambiwa. Kwetu, chakula ni kile kinachomegwa. Ni enya, ule ugali mweusi wa muhogo na mtama, au posho, yaani ugali wa mahindi. Kile kinachochovywa ni mboga, hata kikiwa ni nyama ya ng'ombe. Mtu anaweza kula mbuzi mzima, ukimwuliza kama amekula chakula, atakujibu kwa moyo safi kwamba bado, hajakula kitu leo. Karanga za kukaanga si chakula, ni za kuchezesha mdomo. Chai si chakula. Parachichi ni la watoto. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, sisi Wakakwa, na Walugbara wa Arua pia, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna watu duniani ambao neno hilo kwao ni pana zaidi. Sajenti aliposema niandike kila chakula, niliandika kila chakula. Mchana: chakula, tonge mbili. Jioni: chakula, tonge mbili. Niliandika kwa wino wa buluu, kwa mwandiko mzuri, na nilikuwa na njaa kweli, maana nilikuwa nimezoea tonge nane. Njaa hiyo niliituliza kwa mboga, kama mtu yeyote angefanya. Majani ya kunde ya Mama Anjelina yalielea kwenye karanga za kusaga, mazito, yenye mafuta juu, na mimi niliyanywa bakuli mbili tatu. Nilitafuna ufuta nikienda kazini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoingia daftarini, na sikuwa naficha kitu.

Roda naye aliandika kwa uaminifu uleule. Kila siku, ukurasa baada ya ukurasa: Leo sikula chakula. Alikuwa anakula samaki wa angara, mayai na majani, anashiba, na anaandika kwamba hakula. Katika mwezi wake wa kwanza alipungua kilo saba. Aliposhuka kwenye mizani baraza zima lilipiga makofi, na Sajenti akainua daftari lake juu akatuonyesha wote, akasema huyu ni askari, huyu anajinyima. Kama angefikiri kidogo angejiuliza msichana anafanyaje kazi ya wodi siku thelathini bila kula. Hakujiuliza, kwa sababu namba zilikuwa zinakwenda alikotaka. Mimi katika muda huohuo nilipungua nusu kilo. Miezi miwili baadaye, kilo moja na nusu. Sajenti alijumlisha tonge zangu mara tatu mbele ya wenzangu, na kila mara akapata kalori chache mno. Kwa hesabu yake nilitakiwa nianze kuonekana mifupa. Alifunga daftari, na kuanzia hapo hakuniita tena kwa jina.

Chumbani mambo yalianza kubadilika polepole. Roda alishona gauni lake ndani mara mbili. Alikuwa anajigeuza mbele ya kipande cha kioo cha Mama Anjelina, anaweka mikono kiunoni, anajigeuza tena, na mimi namshikia pini. Nilifurahi kwa ajili yake, na ninasema hivi kwa kiapo. Usiku springi hazikutukutanisha tena bondeni, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bondeni. Wakati mmoja nilimwuliza kama naye aliona ajabu kwamba ninakula tonge mbili tu na sipungui. Alisema labda ni damu ya ukoo wetu. Nilimwamini. Hata nilianza kupunguza, nikafika tonge moja, nikaongeza mchuzi wa karanga ili nisianguke kazini, na mizani ikapanda. Nilikuwa naogopa mwili wangu mwenyewe kama vile unaweza kunisaliti nikiwa nimelala.

Mwezi wa nane maziwa ya unga ya wodi ya watoto yalianza kupungua. Kila mtu alijua kwamba maziwa hayo yalikuwa yanatoka kwa mlango wa nyuma na kuonekana sokoni kwenye vikopo vya kupimia. Mwaka huo kila kitu kilikuwa kinatoka kwa mlango wa nyuma. Lakini Sajenti alikuwa na daftari langu. Aliniita ofisini asubuhi ya Jumanne. Hakunikaribisha kiti. Aliweka mezani vitu viwili, daftari na kopo tupu la maziwa, akavipanga sambamba kama anavyopanga vifaa vya upasuaji.

"Hapa umeandika unakula matonge mawili," alisema. "Kwa matonge mawili ungekuwa umepungua kilo kumi na tano. Hujapungua. Kwa hiyo unakula kitu kingine."

Nikamwambia, "Afande, mimi nakula hiyo chakula tu. Hakuna chakula ingine."

"Hesabu haidanganyi, binti. Watu ndio wanaodanganya."

Angalieni jibu langu. Nilikuwa nasema kweli tupu, na katika masikio yake nilikuwa naapa uongo. Kama angeniuliza swali moja zaidi, kama angesema na mboga je, ningemtajia hadi ufuta, ningemtajia hadi mafuta ya kupaka kama angetaka, na sote wawili tungeona kosa liko wapi. Hakuuliza. Mwenye kitabu haulizi. Alinisukumia daftari, akaniambia niende kwetu kabla ya saa sita, na nishukuru kwamba haiti watu wa kambini. Kuna wanaoniambia kwamba miaka hiyo Mkakwa alikuwa hagusiki, mkubwa wa nchi akiwa mtu wa upande wetu. Waulizeni Wakakwa waliokuwa maskini. Baba yangu hakumjua ofisa hata mmoja, na kuwa Mkakwa kuliniongezea kitu kimoja tu: wenzangu walisema hao ndio wamezoea kuchukua.

Nilikaa barazani kusubiri barua yangu ya kufukuzwa ipigwe chapa, na hapo nikasikia kupitia dirishani maneno ambayo hayakukusudiwa kwangu. Mtunza stoo alikuwa analalamika kwa Sajenti kuhusu mikanda ya sare. Alisema iliyoletwa ni ya kipimo kimoja, midogo, na mingine haitapatikana kwa hali ilivyo. Sajenti akamjibu kwamba hilo alilijua tangu mwezi wa tatu, na ndiyo maana aliwaambia wasichana wapungue. Basi. Hakikuwa kipimo cha afya, hakikuwa kitabu cha kijani. Ulikuwa mkanda. Nchi ilikosa mikanda mikubwa, nami nikaambiwa kosa liko kiunoni mwangu. Nilisimama nikataka kuingia tena ofisini nikamwambie kitu, kisha nikakaa tena. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nje palikuwa na gari la jeshi. Hilo la kutoingia bado linaniudhi.

Nilishuka Koboko kwa lori la tumbaku, kwa shangazi yangu aliyekuwa anauza samaki, kwa kuwa sikuweza kurudi Ludara na jina la mwizi. Jirani yake alikuwa mwalimu mmoja kutoka Sudani, mwanamke mkimbizi ambaye vita vya kwao vilikuwa vimekwisha na yeye bado hajaamini. Mchana mmoja aliniona nachana daftari langu niwashie moto jikoni. Aliomba kurasa kwa ajili ya kufungia chumvi, akazisoma kwanza, kama walimu wanavyosoma kila kitu. Akaniuliza kwa huruma kwa nini huko Arua walinilisha ugali mkavu miezi mitano. Nikacheka. Nikamwambia, "Hapana, mwalimu, mboga ilikuwa iko. Mboga si chakula." Maneno yalitoka mdomoni mwangu yakarudi masikioni mwangu, na nikakaa chini pale pale kwenye majivu.

Kuanzia siku hiyo nilihesabu kwa hasira. Niliandika kila kitu: tonge, kijiko cha karanga, kipande cha samaki, ufuta nilioonja nikipita kwa jirani. Sikuwa na kitabu cha namba, lakini nilikuwa na kikombe na macho, na nilipunguza kila kitu nusu. Nilipima mwili wangu kwenye mizani ya tumbaku, nikining'inia kwenye ndoana kama robota, na mpimaji akinidhihaki kwamba mimi ni tumbaku ya daraja la pili. Mwezi wa kumi na mbili ulipofika nilikuwa kilo sitini na nne. Nilivaa gauni la mazishi la shangazi, ndilo lililonienea, nikapanda lori hadi Arua kuonyesha. Sajenti alikuwa amehamishwa. Aliyekaa mahali pake alifungua faili, akasoma neno wizi, akafunga faili. Nilimkuta Roda mlangoni pa wodi na mkanda kiunoni. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia nimegundua, ni neno tu, ni neno chakula, yule mtu alikuwa anataka na mboga, ukija tukamweleza huyu mpya watanirudisha. Roda alinitazama gauni lote, juu hadi chini. Alisema pole sana. Kisha akasema anaitwa ndani, na mlango wa wodi ukajifunga nyuma yake.

Nesta akiniuliza sasa ni njia gani inayodumu, namjibu hivi. Zote mbili zinapunguza, nimeziona kwa macho yangu kwenye kitanda kimoja. Na zote mbili zilitusaliti. Roda alipelekwa kituo cha afya cha Abuku, na huko kila nyumba aliyokwenda kuzalisha walimwekea enya mbele. Mtu akizaliwa mnakula, mtu akifa mnakula, na anayekataa kinachomegwa anaonekana ana kinyongo. Alikula, na baada ya miaka miwili kilo zake zilirudi zikaleta na wageni. Mimi niliendelea na vijiko vyangu hadi nilipoolewa. Mama mkwe aliponikuta napima mchuzi kwa kikombe alilia, akadhani namwonyesha kwamba chakula chake ni kichafu. Daftari likaishia hapo. Watoto watano baadaye nilikuwa zaidi ya themanini na moja. Njia inayodumu ni ile unayoweza kuila mbele ya mama mkwe wako. Nilichoweza hatimaye ni kidogo: sahani ndogo, karanga kijiko kimoja, chai bila sukari, na kwenda sokoni Koboko kuuza samaki, kwa miguu, nikiwa na miguu. Kilo zilitoka moja moja kwa miaka mingi na hazijarudi. Hakuna aliyepiga makofi. Kama mtu angekaa na sisi wawili mwaka ule akatuuliza tunaishi na nani, tunakula wapi na tunaitaje tunachokula, tungefika mbali zaidi ya kitabu cha kijani na mwiko wa Mama Anjelina.

Sasa nirudi mezani. Nilipokwisha kufuta mchuzi, Roda aliweka kijiko chini. Alisema amekuja na neno, na alitaka kulisema tukiwa wawili, lakini basi watoto wasikie. Alisema wiki mbili kabla sijafukuzwa Sajenti alimwita peke yake ofisini. Alikuwa amegutuka hatimaye kwamba mtu hawezi kuishi kwa kutokula. Alimwuliza anakula nini. Roda akamwambia anakula mboga, afande. Sajenti alicheka hadi akatoa machozi, akamweleza kwamba mboga nayo ni chakula, aandike yote kuanzia siku hiyo. Hakufikiri kwamba nami nimekosea vivyo hivyo, kwa kuwa mimi nilikuwa naandika kila siku kwamba nimekula. Roda alitoka ofisini, akarudi chumbani, akakaa kwenye kitanda chetu, na akaniona naandika tonge mbili.

"Mimi nilijua, Keji," alisema. "Ile siku nilijua. Niliona kitabu yako na nilinyamaza."

Nikamwuliza kwa nini. Nesta alinishika mgongo.

"Watu walikuwa nanipigia makofi. Hakuna mutu alikuwa amenipigia makofi mbele ya hiyo. Mimi nilitaka kuwa mwembamba mimi peke yangu. Halafu mambo ya maziwa ilikuja, na nikaogopa, kwa sababu Sajenti angeuliza kwa nini sikusema mapema."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisema methali hiyo kwa wateja mara nyingi nikipima samaki, na sikujua kwamba ninajisema mwenyewe. Roda aliendelea kuongea, akilia na kutabasamu kidogo, kama mtu aliyeleta zawadi na hajui kama itapokelewa. Alisema hakukaa bure na kosa hilo. Miaka thelathini ya kazi, kila mgonjwa wa sukari au wa presha aliyefika kwake, hakumwuliza amekula chakula gani. Alimwuliza tangu ameamka ni nini kimepita mdomoni, cha kumega, cha kuchovya, cha kunywa na cha kuonja njiani. Alisema swali hilo limeokoa watu. Hadi sasa, ingawa amestaafu, wanamwita mara moja kwa mwezi awafundishe wauguzi wachanga jinsi ya kuuliza, na wao wanaliita swali la Mama Roda.

Niliinuka. Nilitaka watoto wasikie vizuri.

"Hiyo swali ni yangu," nikamwambia. "Mimi ndiyo nililipa. Wewe ulifanya kazi na swali yangu miaka thelathini, na mimi niliuza samaki."

Alisema anajua. Alisema ndiyo maana amekuja. Akauliza kama nitamsamehe, na mimi nikamwambia msamaha tutauona mbele, kwanza kuna kazi. Mwezi ujao akisimama mbele ya wauguzi hao, awaambie swali hilo limetoka kwa nani. Roda akafuta macho, akachangamka, akasema hilo ni jepesi, atafurahi kulifanya. Akaniuliza awaambie mimi ni nani.

"Sema ni mwanafunzi alifukuzwa kwa wizi ya maziwa, na hakuiba," nikamwambia. "Halafu uwaambie wewe ulijua."

Alinawa mikono, kuku akiwa bado kwenye sahani yake. Kisha akasema atafikiria. Nilimsindikiza hadi barabarani, kama desturi inavyotaka, nikasimama naye mpaka bodaboda ikaja, na sikumpa mkono.